Kioo Cheusi Hakimo Hata Kwenye Tatu Bora: Maudhi Tisa ya Skrini Siku Unayoweka Linux

Umepakua Ubuntu au Mint, umeiweka kwenye flashi, umewaaga ndugu na jamaa, umebonyeza kitufe cha kuwasha. Feni inaguna. Taa inacheza. Kioo kimenuna.

Kabla hujaita fundi, kaa hapa. Nimeyapanga maudhi ya skrini kuanzia la tisa mpaka la kwanza, na najua utanibishia, hasa ukifika namba 7. Kigezo changu ni kimoja. Sikupima tatizo linavyotisha, nimepima linavyokula siku zako. Kuna tatizo linalokutoa jasho dakika tano likaisha, na kuna lingine linalokaa nawe miezi kama mpangaji asiyelipa kodi. Huyo wa pili ndiye wa kuogopwa.

Sheria ya mchezo ni hii: usiguse diski kabla hujaionja Linux ikiwa bado kwenye flashi. Chagua kujaribu, usichague kusakinisha. Washa, zima, funga mfuniko, fungua, chomeka televisheni, cheza video. Makosa mengi utakayoyaona kesho yanajitokeza hapo hapo, bure, na Windows yako ikiwa salama salimini.

Twende.

9. Herufi za sisimizi

Umenunua laptopu yenye kioo cha 3840 kwa 2160 kwenye inchi 14. Linux inawaka vizuri kabisa, ila menyu zote zimeandikwa kwa ajili ya sisimizi. Ingia kwenye mipangilio ya skrini, weka ukubwa wa asilimia 200, mambo yamekwisha. Ukitaka 125 au 150 ndipo manung'uniko yanaanza, kwa sababu programu za zamani hazijui hesabu za sehemu, na maandishi yake yatatoka kama yamepigwa picha na mtu aliye kwenye bodaboda.

Hukumu: tatizo la wenye pesa. Mwenye mtumba wa 1366 kwa 768 hajawahi kulisikia na analala usingizi mzuri.

8. Giza la uongo

Jirani yangu alinibebea laptopu aliyokwisha kuiandikia hati ya kifo. Kioo cheusi tii. Nilichukua simu, nikawasha tochi, nikaimulika skrini kwa pembeni, na mle gizani nikaona dirisha la kuingilia limekaa kimya linasubiri neno la siri. Linux ilikuwa imewaka kitambo. Kilichokuwa sifuri ni mwangaza.

Kwenye vioo vya LCD jaribio hili la tochi halichukui hata nusu dakika, na linatenganisha wagonjwa wawili ambao watu huwachanganya kila siku: kioo kisicho na picha, na kioo chenye picha kisicho na taa nyuma yake. Huyu wa pili anatibika kwa vitufe vya mwangaza kwenye kibodi. Vikigoma, kuna neno la kuiambia kerneli, yaani kiini cha Linux, wakati wa kuwasha: `acpi_backlight=native`, na likishindwa, `acpi_backlight=vendor`. Namna ya kuyaingiza maneno hayo nimeieleza chini kidogo. Na kwa kuwa mfumo huhifadhi kiwango cha mwangaza unapozima na kukirudisha unapowasha, ukikiacha chini kabisa leo, kesho utakikuta bado kiko chini.

Hukumu: tochi kwanza, kilio baadaye.

7. Kioo cheusi chenyewe

Naam, namba 7. Weka jiwe chini.

Hiki ndicho kinachowatisha wote, ndicho kinachowarudisha watu Windows wakiapa hawatathubutu tena, na ndicho chenye dawa rahisi kuliko karibu yote yaliyo juu yake. Usilolijua ni usiku wa giza. Hapa giza ni giza kweli, lakini ukilijua ni la mchana tu.

Zamani kerneli haikujishughulisha sana na kioo, kazi hiyo ilifanywa na programu iliyokuja baadaye. Tangu toleo la 2.6.29 la mwaka 2009, kwa kuanzia na kadi za Intel, kerneli yenyewe ikaanza kuikamata kadi ya michoro mapema na kuipangia ukubwa wa picha. Ndiyo maana siku hizi Linux huwaka bila kupepesa. Ila kama kadi yako ni mpya kuliko kerneli, au draiva na kadi hazielewani, kerneli inaikamata kadi, kadi inakata mawasiliano, nawe unabaki unajitazama usoni.

Dawa ni neno moja: `nomodeset`. Maana yake kwa Kiswahili cha nyumbani ni "kerneli, hiyo kadi usiipangie kitu." Laptopu inapowaka, gonga Esc (kwa mashine za zamani shikilia Shift) mpaka menyu ya GRUB (programu inayoiamsha Linux) itokee. Ukigonga Esc kama mpiga ngoma utatumbukia kwenye `grub>`. Andika `normal`, bonyeza Enter, kisha Esc mara moja tu. Ukishaiona menyu, bonyeza herufi `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika `nomodeset`, bonyeza F10. Na kama bado uko kwenye flashi, huhitaji hata kuandika: menyu ya Ubuntu ina chaguo lililoandikwa `safe graphics`, na ya Mint lina jina `compatibility mode`. Kazi ni ile ile.

Neno uliloandika hivyo linadumu mara moja tu, ukizima linasahaulika. La kudumu linaandikwa ndani ya faili la `/etc/default/grub`, kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, katikati ya alama za kunukuu, kisha unatoa amri `sudo update-grub`. Maneno yote ya kuiambia kerneli niliyoyataja na nitakayoyataja yanapita mlango huo huo, kwa hiyo ukikariri njia hii umejifunza nusu ya orodha nzima.

Hukumu: kelele nyingi, mbio fupi. Anayeweka kioo cheusi namba 1 hajawahi kukutana na namba 1.

6. Kumwekea mgonjwa magongo na kumwambia amepona

Umefurahi, `nomodeset` imefanya kazi, umeiandika ya kudumu, umeondoka ukipiga mluzi. Wiki moja baadaye unalalamika: picha imekwama kwenye 1024 kwa 768, watu kwenye video wamenenepa, feni inalia kama mashine ya kusaga mahindi, na kufungua ukurasa mmoja wa intaneti ni kama kusukuma gari lililozimika.

Ndugu yangu, ulimpa mgonjwa magongo yamfikishe hospitali. Umeishia kumfanya aishi nayo. `nomodeset` huizuia draiva halisi isiamke, kwa hiyo kazi yote ya kuchora inaangukia kwa prosesa. Sakinisha kifurushi cha `mesa-utils`, toa amri `glxinfo -B`, uangalie jina la anayechora. Ukikuta `llvmpipe`, huyo ni prosesa maskini anabeba mzigo usio wake huku kadi imelala. Halafu toa `lspci -k`, tafuta mstari wenye `VGA` au `3D`, na uone kama chini yake kuna `Kernel driver in use`. Mstari huo usipokuwepo, kadi haina dereva.

Weka draiva sahihi au kerneli mpya zaidi, ondoa `nomodeset`, washa upya.

Hukumu: aibu ya walioacha kusoma maelekezo katikati.

5. Kupepesa

Kioo kinakukonyeza. Si mapenzi. Laptopu nyingi za Intel zina ujanja wa kubana umeme, ambapo picha ikitulia kioo hujionyesha chenyewe bila kuisumbua kadi. Ujanja ukienda kombo, skrini inapepesa au inaganda kwa sekunde kadhaa. Iambie kerneli `i915.enable_psr=0`, upoteze umeme kidogo, upate amani.

Hukumu: biashara halali.

4. Mlango unaozunguka

Unaandika neno la siri. Linakubaliwa. Kioo kinazima, kinawaka, na umerudi pale pale mlangoni. Unaandika tena. Unarudi tena. Ukikosea neno la siri unaambiwa umekosea, kwa hiyo unajua kabisa kwamba mfumo unakutambua, umekukaribisha, na umekutoa nje kwa heshima zote. Kwa maudhi ya nafsi, hili lingekuwa namba 1.

Usibaki mlangoni. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utapata ukurasa wa maandishi matupu, ingia humo. Sasa chunguza mambo matatu. La kwanza, `df -h`: diski ikijaa, eneo la kazi halipati hata pa kuandika jina lake, nalo linajifunga. La pili, `ls -l ~/.Xauthority`: ukikuta faili hilo mwenyewe ni `root`, basi kuna siku uliwasha programu yenye madirisha kwa `sudo`, ikajimilikisha kitu chako. Lirudishe kwa `sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`. La tatu, draiva ya Nvidia iliyowekwa nusu nusu, na ikiwa hujaingia hata mara moja tangu uweke draiva, anza na hili.

Kuna mlango wa pembeni pia. Ubuntu nyingi za kabla ya toleo la 25.10 la mwaka 2025 zina alama ya gia kwenye ukurasa wa kuingilia, na hapo unaweza kuchagua kati ya mifumo miwili ya kuchora madirisha, Xorg (yaani X11) na Wayland. X11 ni ya mwaka 1987, mzee mwenye busara na magoti mabovu. Wayland ilianzishwa mwaka 2008 na Kristian Høgsberg ili imrithi mzee, na mzee hakuharakisha kuondoka: Ubuntu ilimkabidhi Wayland kiti mwaka 2017, ikamnyang'anya mwaka uliofuata, ikamrudishia mwaka 2021. Ikiwa mmoja anakufungia mlango, jaribu mwenzake.

Hukumu: tatizo lenye adabu za nje na roho mbaya ndani.

3. Usingizi wa pono

Hili nimelipandisha kwa makusudi. Siku ya kwanza hulioni. Linakuja siku ya tatu, ukiwa umeshawatangazia marafiki kwamba umehama Windows na hurudi. Unafunga mfuniko, unakwenda kunywa chai, unarudi, unafungua. Taa zinawaka, feni inazunguka, kioo hakijui wewe ni nani.

Kulala na kuamka ni kazi ya wengi kwa wakati mmoja: kerneli, programu ya kiwandani iliyo ndani ya mashine, draiva ya kadi. Mmoja akichelewa kuamka, wote wanakwama. Angalia kwanza laptopu yako inalala usingizi gani, kwa `cat /sys/power/mem_sleep`. Ukiona `s2idle` peke yake, hiyo ni laptopu ya kisasa inayosinzia jicho moja wazi. Ukiona na `deep`, una chaguo: kilicho kwenye mabano ndicho kinachotumika, na unaweza kumjaribu mwenzake kwa kuiambia kerneli `mem_sleep_default=deep` au `mem_sleep_default=s2idle`. Kwa wenye Nvidia, mara nyingi kinachopotea ni kumbukumbu ya kadi yenyewe wakati wa usingizi, na draiva yao ina swichi ya kuihifadhi iitwayo `NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1`.

Kabla ya yote hayo, sasisha programu ya kiwandani ya laptopu. Mara nyingi kosa liko huko, na kerneli inasingiziwa.

Hukumu: medali ya shaba, kwa kosa la kuja wakati umeshajisifu.

2. Fahali wawili zizi moja

Wahenga walisema hawakai. Watengenezaji wa laptopu hawakuwasikiliza. Tangu teknolojia ya Optimus ilipokuja mwaka 2010, laptopu nyingi za michezo zina kadi mbili: ya Intel kwa kazi za kawaida, ya Nvidia kwa kazi nzito. Kwa Windows zinapokezana kimya kimya. Kwa Linux, miaka ya mwanzo, zizi lilivunjika kila wiki.

Waliojitokeza kupatanisha ni mradi wa Bumblebee, na hapo pakatokea kisa ambacho kinastahili kusimuliwa kwa wajukuu. Mwaka 2011 hati yao ya kusakinisha ilikusudia kufuta folda moja iliyo ndani kabisa ya `/usr/lib`. Mwandishi akateleza, akaacha nafasi tupu baada ya `/usr`. Nafasi moja, upana wa herufi moja. Kompyuta ikasoma kuna vitu viwili vya kufuta, ikaanza na cha kwanza, yaani `/usr` yote, na ndani ya `/usr` ndimo zinamokaa programu zako karibu zote. Mtu alitaka kusawazisha kadi, akabaki na chuma. Tangu siku nilipokisoma kisa hicho, siandiki `rm -rf` bila kuisoma mara mbili.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa siri. Nvidia haikutoa maelezo ya kadi zake, kwa hiyo waandishi wa draiva huria ya Nouveau walilazimika kuichunguza kadi gizani, kama mtu anayejifunza saa kwa kuisikiliza. Mwaka 2012, kwenye Chuo Kikuu cha Aalto huko Finland, Linus Torvalds aliyeianzisha Linux aliitazama kamera, akaionyesha Nvidia kidole cha kati na kusema ni kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo. Miaka kumi ilipita. Mei 2022 Nvidia ikafungua msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa ndani ya kerneli, kwa kadi za kizazi cha Turing na zilizofuata. Kidole kilichukua muda kufika, lakini kilifika.

Kwa leo hii, Ubuntu imerahisisha. `sudo ubuntu-drivers install` inakuchagulia draiva. `prime-select query` inakuambia fahali gani yuko kazini, na `sudo prime-select intel` ikifuatiwa na kuwasha upya inamfunga kamba mkubwa ili betri ipumue. Usimfunge kabla ya kujua jambo moja: baadhi ya laptopu zina tundu la HDMI lililounganishwa kwa kadi ya Nvidia peke yake. Ukimlaza, projekta haitaona kitu, na utakuwa umesimama mbele ya wajumbe wa harusi ukichomoa na kuchomeka waya.

Na wenye AMD? Mnacheka. Draiva ya `amdgpu` imo ndani ya kerneli tangu mwaka 2015, nanyi mnachohitaji zaidi ni kerneli isiyo ya kizee. Chekeni taratibu.

Hukumu: medali ya fedha. Ilistahili dhahabu kwa miaka mingi, ila siku hizi ina dawa zilizoandikwa.

1. Sekunde kumi za buluu

Ulidhani namba 1 itakuwa kitu kikubwa. Ni ukurasa wa buluu wenye maandishi machache, unaotokea mara moja, kwa sekunde 10, kisha unatoweka na kukuharibia mwezi mzima.

Hivi ndivyo inavyokuwa. Laptopu yako imewashiwa Secure Boot, mlinzi anayekagua saini za kila kinachoingia kwenye kerneli. Draiva ya Nvidia iliyojengwa kwenye mashine yako haina saini anayoijua mlinzi. Kwa hiyo kisakinishi kinatengeneza ufunguo wa kutia saini (ndio MOK), kinakuomba utunge neno la siri, na unatunga bila kufikiri, kama mtu anayekubali masharti ya programu ya simu. Laptopu inajizima na kuwaka. Ukurasa wa buluu unatokea: `Perform MOK management`, bonyeza kitufe chochote.

Wewe umekwenda jikoni.

Sekunde 10 zimekwisha. Linux inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa sababu hakuna anayekuambia umekosa kitu. Draiva imewekwa kweli, orodha ya vifurushi inaonyesha ipo, lakini mlinzi ameikatalia mlangoni. Nouveau imeshazuiwa ili kumpisha Nvidia. Basi unapata namba 7, au namba 6, au namba 4, na unaanza kutibu dalili. Unafuta draiva, unaweka nyingine, unabadili Mint kwa Fedora, unaapa kwamba kadi imekufa. Nimewaona watu wakiweka Linux mara tano kwa kosa la kukosa kubonyeza kitufe kimoja.

Jinsi ya kumjua: `mokutil --sb-state` itakuambia kama mlinzi yuko zamu. Kisha `sudo modprobe nvidia`. Ikijibu kwamba ufunguo umekataliwa, `Key was rejected by service`, umempata mwizi. Kwenye Ubuntu, toa `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, tunga neno la siri la herufi nyepesi, bila madoido, kwa sababu ukurasa wa buluu huenda usiijue kibodi uliyoizoea. Washa upya na usibanduke kwenye kiti. Ukurasa ukitokea bonyeza kitufe, chagua `Enroll MOK`, `Continue`, `Yes`, andika neno lile, washa tena. Methali inasema haraka haraka haina baraka. Hapa, na labda hapa peke yake, baraka zote ziko kwenye haraka.

Hukumu: dhahabu, bila kupigiwa kura. Tatizo la skrini ambalo wala si la skrini.

Ukiwa bado hujanunua laptopu, sikia neno langu. Ule mtumba wa ofisini kutoka Ulaya, ThinkPad, Latitude au EliteBook yenye michoro ya Intel peke yake, ambao wenye maduka wanakuonyesha mwisho baada ya kukusifia laptopu ya michezo yenye taa za disko, ndio utakaoipokea Linux kama mgeni aliyetarajiwa. Kati ya haya tisa, huenda usikutane na hata matatu.

Na wewe unayetaka kioo cheusi kipande juu ya namba 7, njoo tubishane, nakusubiri. Njoo tu na majibu ya `lspci -k`, na uniambie kweli kama ile buluu uliiona.